Celica ya 1995 na barabara za Mtwara: nilivyoamua kipi kibadilike na kipi kibaki

Ukiwa na gari la spoti la zamani hapa Mtwara, watu hawakuulizi linakwendaje. Wanakuuliza utalifunga nini. Turbo? Rimu za inchi kumi na nane? Eksozi ya kunguruma? Utalishusha? Vijana wa bodaboda wa Chuno walishanipangia gari lote kabla sijakabidhiwa kadi, na shemeji yangu aliyeko Dar alikuwa akinitumia picha za springi fupi kila mwisho wa wiki. Wote wana nia njema, nami napenda gari liwe na sura. Lakini gari walilokuwa wakilizungumzia lilikuwa la kwenye picha, limesimama juu ya lami isiyo na tuta wala shimo. Langu lilitakiwa litoke Mtwara lifike Masasi kwa wakwe, Newala kwa mjomba, na Dar mara mojamoja, likiwa na watoto kiti cha nyuma.

Gari lenyewe ni Toyota Celica ya mwaka 1995, bodi ya ST202, injini ya 3S-GE ya lita mbili, gia za mkono. Ilipotoka kiwandani injini hii ilipimwa nguvu za farasi 180 kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika, na gari zima lina uzito wa kilo 1,200 hivi. Nguvu zote zinakwenda magurudumu ya mbele. Ndugu yake maarufu, GT-Four ya ST205, ana turbo na anavuta kwa magurudumu manne. Watu huwachanganya kwa sababu sura ni moja, zile taa nne za mviringo mbele. Nililinunua Lindi kwa mtu aliyelikalisha muda mrefu chini ya mwembe, si mbali na bahari. Hilo la bahari lina mambo yake, nitalifikia.

Nilipolileta Mtwara sikugusa kitu ila vile ambavyo bila hivyo mtu hapaswi kuendesha: tairi zilizokwisha, hozi za breki zilizopasuka, mkanda wa taimingi ambao hakuna aliyejua ulifungwa lini. Baada ya hapo nikaliendesha lilivyo, msimu mzima wa korosho, nikiwa na daftari kwenye droo ya dashibodi. Kila lilipogusa chini niliandika ni wapi na lilikuwa na watu wangapi. Kila mshale wa joto ulipopanda, niliandika saa na mahali. Kila sauti mpya, kila harufu. Mimi ni mwalimu wa fizikia na tabia ya kupima kabla ya kusema imeshaniingia damuni, lakini nadhani hata asiye mwalimu angefaidika. Daftari lile lilinionyesha mambo ambayo picha za shemeji zisingenionyesha kamwe.

Kwanza lilinionyesha barabara. Kutoka Mtwara kwenda Masasi ni lami, na mgeni akisikia lami anadhani mambo yamekwisha. Lakini barabara hiyo inabeba malori ya korosho kuanzia Oktoba, na miaka ya karibuni inabeba pia malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kuja bandarini. Uzito ule unaikandamiza lami, hasa kwenye vilima ambako malori hupanda taratibu, hadi panatokea mifereji miwili ya magurudumu na mgongo katikati. Gari la chini likiingia kwenye mifereji hiyo linaburuza tumbo kwenye mgongo. Kisha kuna matuta ya vijijini, na hakuna tuta linalofanana na jingine. Kuna rasta zinazotikisa meno. Upande wa Newala, lami ya kutoka Mtwara ukiifuata inakufikisha Mnivata vizuri, ila huko mbele, wakati ule, daftari langu lilijaa vumbi, mchanga na mawe.

Na lilinionyesha kuwa gari langu lilikuwa limeshafanyiwa marekebisho kabla sijafika. Siku fundi alipolipiga jeki mbele, gurudumu likining'inia hewani, aliingiza mkono akashika springi akaizungusha kama mtu anayezungusha bangili. Springi haikukaa kwenye kiti chake. Ncha ya chini ilikuwa na kovu la grainda, chuma kimekatwa na hakijasuguliwa, na juu ya kovu kutu imeshaanza. Mwenye gari wa zamani alitaka lishuke, akakatiwa springi mzunguko mmoja na nusu, halafu lilipoanza kujigonga akawekewa vile vipande vya mpira katikati ya mizunguko ili linyanyuke tena.

"Mwalimu," fundi aliniambia, "huyu alilipa akashushiwa, akalipa tena akainuliwa."

Springi iliyokatwa haishushi gari tu. Inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu chuma kilichobaki cha kujikunja ni kifupi. Shokapu nayo imetengenezwa kutuliza springi ya ugumu fulani, na hapa inapewa springi nyingine kabisa huku ikifanya kazi karibu na mwisho wa safari yake. Ndiyo maana shokapu zote nne zilikuwa zimekwisha, na ndiyo maana gari lilirukaruka kwenye rasta badala ya kuzikanyaga. Mkanganyiko wote wa usukani nilioandika kwenye daftari, ule wa gari kuvuta upande nikifunga breki kwenye barabara mbovu, ulianzia hapo. Mtu angeweza kutumia fedha nyingi kwenye injini na bado gari hilo lisikalike.

Wakati huo nilikuwa napita jioni kwa mzee mmoja wa Mikindani aliyeendesha basi la Dar na Mtwara enzi zile ambazo Rufiji ilivukwa kwa kivuko cha Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akalizunguka gari mara moja akiwa na fimbo yake. Hakuniuliza nitafunga nini. Aliuliza, "Mwanangu, hili utakwenda nalo wapi, na masika utakwenda nalo?" Nilipomtajia njia zangu alinyamaza kidogo, akagonga tairi kwa fimbo na kusema, "Basi lirudishie miguu yake."

Nikalirudishia. Hapo ndipo nilipogundua jinsi uamuzi mmoja unavyoamua mingine mitano. Nilikuwa na njia tatu. Kwanza, springi fupi za kununua, zilizotengenezwa kiwandani, ambazo hazina ubaya wa zile za kukatwa lakini bado zingeniacha kwenye mgongo wa mifereji ya malori. Pili, spesa za kuinua, ambazo gereji nyingi hapa watakufungia asubuhi na jioni unaondoka. Nazielewa, ni nafuu na zinafanya kazi kwenye gari la familia. Lakini ukiinua mno gari linalovuta kwa mbele, shafti zinakaa kwa pembe kali, mipira yake inapasuka, grisi inatoka, mchanga unaingia, na baada ya hapo unasikia tak-tak-tak kila ukikata kona. Tatu, urefu uleule wa kiwandani, springi nzima na shokapu mpya. Nikachagua hiyo ya tatu, na springi zilipatikana Dar kwa wauza spea za mtumba wa Gerezani, zikaja kwa basi zimefungwa kwenye mfuko wa salfeti.

Shemeji alisikitika kweli. "Shemeji, gari la spoti litakaa juu namna hiyo?" Nikamkumbusha ni Celica zipi zilizolipa jina hilo heshima katika Afrika Mashariki. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika yetu, na kwa miaka mingi ilivunja magari ya kila aina. Celica zilishinda mwaka 1984, 1985 na 1986 mfululizo, zikashinda tena 1990 kwa mkono wa Björn Waldegård na 1992 kwa Carlos Sainz. Mwaka 1993 Juha Kankkunen alishinda na nafasi nne za juu zote zikawa za Celica, na mwaka 1994 akashinda Mkenya, Ian Duncan. Tazama picha za magari yale. Yameinuliwa, yana bati nene chini ya injini, chuma mbele, taa kubwa. Waliokuwa na fedha na mainjinia wa kila aina, walipofika kwenye barabara zetu, hawakulishusha gari hata kidogo. Mimi si dereva wa rali na gari langu si GT-Four, lakini barabara ni ya ukoo uleule, na niliona heri nijifunze kwao kuliko kwa picha za maegesho.

Kutoka kwao ndiko nilikopata wazo la bati la chini. Fundi wa kuchomelea alinikatia bati la milimita 3, tukalipima kwanza kwa boksi la katoni chini ya gari ili lisiguse eksozi. Nilisisitiza mambo mawili: tundu la kutolea oili bila kulifungua bati lote, na matundu ya hewa nyuma, maana hewa inayopita kwenye rejeta lazima ipate pa kutokea. Ukiziba chini yote, gari linaanza kuchemsha na utalaumu rejeta bure. Uzito uliongezeka kidogo mbele, naukubali. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ikitobolewa na jiwe njia ya Newala, kilomita ngapi hadi upate msaada?

Tairi zilinipa kazi ya hesabu, nayo niliifurahia. Saizi ya kiwandani ni 205/55R15, na hapa kusini kuipata ni kwa kuagiza na kungoja. Vijana walitaka 215/40R17. Ukuta wa tairi ya kiwandani una milimita 113 hivi za mpira kati ya rimu na barabara. Ule wa 215/40 una milimita 86. Milimita 27 za mpira ndizo zinazookoa rimu kwenye shimo usiloliona usiku, na kimo cha tairi zote mbili kinakaribiana, kwa hiyo huinui gari hata kidogo, unabadilisha mpira kwa chuma tu. Upande wa pili kulikuwa na 195/65R15, tairi inayovaliwa na saluni nyingi za Toyota na ambayo utaikuta hata duka la Masasi. Hiyo ni ndefu kuliko ya kiwandani kwa milimita 28 za kipenyo. Spidomita ikisoma 100, ukweli unakaribia 105, na gia zote zinakuwa nzito kidogo, jambo linaloua utamu wa injini inayopenda kuzunguka. Nikatua kwenye 195/60R15: kipenyo kinazidi kwa milimita 8 tu, spidomita inakosea kwa kilomita moja na kidogo katika mia, ukuta una milimita 117, na zinapatikana. Kwenye buti nimeweka tairi ya akiba ya saizi hiyohiyo. Ile ndogo ya dharura haifai kwa umbali wa huku.

Sasa injini, ambako ndiko kila mtu alitaka nianzie.

Kabla ya kuongea habari za nguvu tulipima ile iliyopo. Fundi alitoa plagi zote akafunga geji ya mgandamizo silinda moja baada ya nyingine, na zote nne zilikaribiana. Vishimo viwili vya plagi vilikuwa na oili, mipira ya kuzibia chini ya kava la valvu imekauka. Oringi ya distribyuta nayo ilikuwa inavuja, oili inatiririka ubavuni mwa injini. Ni vitu vidogo, lakini gari lilikuwa linamisi kwenye mlima kwa sababu yake, na yule muuzaji alikuwa ameshaambiwa kuwa injini "imechoka". Haikuwa imechoka. Kwa jinsi ilivyoanza kuvuta baada ya mipira mipya, plagi na waya zake, nilijua sehemu ya zile nguvu 180 zilizopotea ilikuwa inarudi kwa gharama ya vitu vinavyoenea kwenye mfuko wa rambo.

Kisha tukafika kwenye joto. Mshale wa joto ulikuwa na tabia ya ajabu: asubuhi nikienda kazini haupandi kabisa, mchana nikiwa kwenye foleni ya watu na bajaji mjini unapanda haraka. Nikamuuliza fundi kama thamostati ipo, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto.

"Hizo huwa tunazitoa, mwalimu. Nchi yenyewe ya joto."

Ni mazoea ya gereji nyingi, na hayakuanza kwa uvivu. Mafundi waliona magari yenye thamostati mbovu zilizoganda zikiua injini, wakaona heri kuiondoa. Lakini thamostati haipo kwa ajili ya nchi za baridi peke yake. Injini hii imepangwa kufanya kazi kwenye joto fulani. Ikibaki baridi inachoma petroli nyingi kuliko inavyohitaji, oili haifikii wepesi wake, na silinda zinalika. Nikanunua mpya, nikaichemsha nyumbani kwenye sufuria pamoja na kipimajoto cha maabara, fundi na mwanafunzi wake wakiangalia. Mwanzoni imefumba kabisa, unaona kisahani tu cha shaba. Kwenye nyuzi 82 hivi mdomo ukaanza kufunguka, mwembamba kama ukucha, na kwenye 95 ukawa wazi kiasi cha kupitisha ncha ya kidole. Tukaitoa kwenye maji, ikajifunga tena polepole mkononi mwa kijana, naye akaomba airudie. Sikuhitaji kusema zaidi. Ikafungwa, feni ikarudishiwa swichi yake badala ya ule waya wa moja kwa moja, rejeta ikazibuliwa, maji ya bomba yenye rangi ya chai yakamwagwa na kulanti, maji maalumu ya kupozea injini, ikaingia. Tangu hapo mshale unasimama mahali pamoja, kaskazi ikiwa imekaza na AC ikiwa wazi.

AC imebaki. Kuna waliosema niitoe ili gari liwe jepesi na injini ipumue. Mtu anayependekeza hivyo hajakaa na watoto wawili ndani ya kupe yenye kioo kikubwa cha nyuma, Desemba, saa saba mchana, pale njia panda ya Mingoyo.

Turbo niliifikiria kwa uzito wake, kwa sababu niliipenda na sikutaka kuikataa kwa woga. Uwiano wa mgandamizo wa injini yangu ni 10.3 kwa 1. Injini ya 3S-GTE iliyo kwenye ST205, ambayo ilizaliwa na turbo, ina 8.5 kwa 1. Tofauti hiyo si ya bahati. Turbo inasukuma hewa zaidi ndani ya silinda, na hewa iliyosukumwa inapata joto. Ukiichukua hewa hiyo ukaiminya mara kumi badala ya mara nane na nusu, mchanganyiko unaweza kuwaka wenyewe kabla ya wakati wake. Injini inagonga, na pistoni zinapasuka. Inawezekana kuzuia, kwa kupunguza msukumo, kubadilisha pistoni, kupoza hewa, kufunga kompyuta ya kupangwa upya na kumpata mtu wa kuipanga akiwa na vipimo. Kila kimoja katika hivyo kiko Dar au nje ya nchi. Na hewa tunayovuta huku kwa miezi mingi ni ya moto kabla turbo haijaigusa.

Kuhusu umbali, Mei 2024 ilitufundisha sote. Kimbunga Hidaya na mvua zake zilipokata barabara ya Lindi na Dar kule Somanga, mabasi yalisimama, bei za vitu zilipanda, na mtu aliyekuwa anangoja spea aliendelea kungoja. Wakati huo gari langu lilihitaji filta ya oili na gasketi moja, nikazipata hapahapa, kwa sababu 3S-GE ni ya familia moja na injini zilizojaa kwenye Carina, Corona na RAV4 za zamani. Kila ninapotaka kubadilisha kitu sasa najiuliza kama kikiharibika, barabara ikiwa imefungwa, nitakipata Mtwara, Masasi au Lindi. Kama jibu ni hapana, basi kitu hicho kiwe na sababu kubwa kweli ya kuingia kwenye gari.

Breki zilitangulia mbele ya nguvu, na ningependa kila kijana anayeota turbo alisikie hili. Maji ya breki yanafyonza unyevu wa hewa, na sisi tunaishi kwenye unyevu. Kiwango cha DOT 4, aina moja ya maji ya breki, kinataka maji mapya yasichemke chini ya nyuzi 230, lakini yakishafyonza unyevu wa kiwango cha kipimo, kikomo kinashuka hadi 155. Ukishuka kutoka Newala kwenda upande wa Masasi huku umekalia breki, diski zinapata moto, na maji yakichemka kwenye paipu yanakuwa mvuke, nao mvuke unaminyika. Pedali inazama na gari halisimami. Tulimwaga maji yote, yalitoka meusi, tukaweka mapya, pedi mpya, diski za mbele zikapelekwa kwa fundi wa mashine akazisawazisha. Sikuhitaji kaliba kubwa za rangi nyekundu. Kwa uzito na nguvu hizi breki za kiwandani zinatosha zikiwa nzima, na dereva akitumia gia kwenye mteremko.

Nirudi kwenye bahari. Gari lililokaa karibu na pwani unalikagua kwa bisibisi, si kwa macho. Niligongagonga matao ya magurudumu ya nyuma, na upande wa kushoto bisibisi ikaingia. Chini ya rangi nzuri kulikuwa na puti, chini ya puti kutu, na chini ya kutu hakuna kitu. Hapo nilitumia fedha bila kusita kuliko mahali pengine popote. Chuma kibovu kilikatwa hadi penye chuma kizima, bati jipya likachomelewa, likasuguliwa, likapigwa primer na dawa ya kuzuia kutu ndani na nje, kisha lami ya kupaka chini ya bodi. Shokapu unaweza kubadilisha tena mwaka kesho. Bodi ikiisha, gari limeisha. Sasa, kusi ikivuma na mawimbi ya Shangani yakirusha ule ukungu wa chumvi hadi barabarani, nalimwagia maji baridi chini mara kwa mara, na hiyo ni kazi ya watoto wanayoigombania.

Eksozi ilipata sailensa mpya yenye sauti ya kiwandani. Jirani zangu wengine wana wagonjwa pale Hospitali ya Ligula na wanalala kwa zamu. Rangi itabaki nyekundu, kwa sababu naipenda, na pia kwa sababu kadi ya gari inasema nyekundu. Ukibadilisha rangi au injini unatakiwa kwenda TRA kurekebisha taarifa za kadi, na bima nayo iambiwe. Wengi hawafanyi, kisha siku ya ajali ndipo namba ya injini inapoulizwa.

Mfuko wangu haukuwa mnene, na mpangilio huu ndio uliouwezesha kumudu. Miguu, breki, joto na bodi vilikwenda kimoja kimoja kadiri mshahara ulivyoruhusu, na kila kimoja kilipokamilika gari liliendelea kutembea. Nimeona magari mazuri hapa mjini yaliyoshushwa injini ili "yafanyiwe kitu", mwenyewe akaishiwa, na sasa kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Inaniuma kila nikipita, maana Celica, Levin na MR2 za miaka ile hazitengenezwi tena, na kila moja inayooza ni moja iliyopungua.

Turbo sijaifuta. Kama siku moja itakuja, itakuja kama injini nzima ya 3S-GTE na vyake vyote: gia boksi yake, mfumo wake wa kupoza, breki zinazoiweza, kadi iliyorekebishwa, na mimi nikiwa na gari jingine la kwenda Masasi. Haitakuja vipandevipande juu ya injini ambayo haikuandaliwa. Shemeji ameshakubali masharti hayo, na juzi alinitumia bushi za mikono ya nyuma badala ya picha. Fundi amenipangia Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali.